Ndege wa uani Dodoma: kwa nini hawaji, na kwa nini picha hazitoki vizuri

Mtu akiniuliza anunue lenzi gani ya kupigia picha ndege wa nyumbani, namuuliza kwanza kama ameweka maji. Mara nyingi hajaweka. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Ndege wa hapa akiamka asubuhi anatafuta maji kabla ya mengine mengi, na aliyeyaweka ndiye atakayempata. Hata jina la mji, wazee wa Kigogo wanavyosimulia, lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope. Idodomya, yaani amezama.

Hapa chini nimepanga matatizo kwa dalili. Karibu yote yamenipata uani kwangu Miyuji. Anza na dalili inayofanana na yako.

Chombo kipo, ndege hawaji

Angalia kina kwanza. Beseni lililojaa hadi ukingoni ni kisima kwa mshigi, ndege mdogo mla mbegu mwenye uzito wa gramu 10. Yeye anataka kusimama ndani ya maji, si kuinamia kutoka ukingoni. Pembeni kina kiwe sentimita 2, katikati kisizidi 5, na sakafu ya chombo iwe ya kukwaruza ili miguu isiteleze. Mimi natumia kitako cha chungu kilichovunjika. Kifuniko cha ndoo nacho kinafaa ukitandaza kokoto ndani. Sufuria na karai la bati achana navyo, maana kufikia saa 6 mchana maji yake yanachoma.

Kama kina ni sawa, angalia mahali. Chombo kilichowekwa katikati ya uwanja mweupe kinamwacha ndege wazi kwa kipanga. Kilichobanwa kwenye ua kinampa paka pa kujificha. Umbali wa mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka au tawi la chini unatosha: ndege ana pa kukimbilia, na paka hana pa kurukia. Weka jiwe au tawi kavu karibu na maji, kwa sababu ndege hatui moja kwa moja majini. Anatua juu kidogo, anatazama kulia na kushoto, ndipo anashuka. Tawi hilo litakufaa baadaye kwenye picha.

Sababu ya tatu wengi hawapendi kuisikia. Tumelelewa kuamka na fagio, na uwanja uliofagiwa mpaka ukaacha mistari ni heshima ya nyumba. Lakini kwa tetere na mshigi uwanja huo ni sahani tupu. Mbegu za majani zimekwenda na takataka, wadudu wa chini ya majani makavu nao wamekwenda. Simwambii mtu aishi kwenye msitu. Mbele ya mlango nafagia kama kawaida. Nyuma, nimeacha kipande cha hatua kumi kwa tano ambacho fagio halifiki na majani yanaachwa yazae mbegu. Hicho ndicho kipande ninachopigia picha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ikiwa yote hayo yapo na bado kimya, ongeza mlio. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, itoboe kitakoni kwa sindano, legeza kifuniko kidogo, iningʼinize juu ya chombo idondoshe tone moja moja. Ndege anasikia tone la maji kutoka mbali kuliko anavyoliona. Kisha subiri. Kwa kawaida tetere ndio wanaotangulia, shomoro wanafuata, na wengine wanashuka wakiona hao hawakudhurika. Wape wiki mbili au tatu bila kuhamisha chombo. Anayekihamisha kila siku akitafuta mwanga mzuri anawaanzisha upya kila siku.

Jirani yangu mtu mzima aliniambia juu ya ukuta, “Mwanangu, maji ya mgao unawapa ndege?” Nikamjibu, “Shikamoo mama, ni lita mbili tu kwa siku.” Hiyo ndiyo hesabu halisi. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa, ya sabuni hayafai. Yamwage na kubadilisha kila siku, na sugua chombo kwa brashi, maana mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue anakamilika kutoka yai hadi mbu kwa siku 7 hadi 10 tu kwenye maji yaliyotulia. Ukibadilisha kila siku hapati nafasi.

Wanakuja tetere na washigi tu

Hii si kasoro ya chombo. Mla nafaka anakula mbegu kavu zisizo na maji, kwa hiyo lazima anywe kila siku. Chozi anayefyonza maua na shore anayekula matunda wanapata sehemu kubwa ya maji ndani ya chakula. Hao unawaita kwa mimea. Kwa chozi, panda mshubiri. Unachanua wakati wa kiangazi na hauombi maji. Kwa shore, kwezi na kuzumburu, matunda ya mwarobaini na ya mswaki yanatosha, na kama una mkole kwenye mpaka wa kiwanja, tafadhali usiukate.

Katika walaji wa nafaka wanaokuja kunywa kuna mmoja ninayemsubiri kuliko wote: cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi, kola ya njano na duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yake ni Tanzania peke yake, na nyanda hizi za kati ni kwao. Wanakuja kundi zima kwa kelele, wanakunywa, na kabla ya dakika kwisha wameondoka. Ukitaka picha yao kamera iwe tayari kabla hujawasikia. Anayewatega na kuwaweka kwenye tundu bila kibali anavunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na pia anawanyima wenzake wote kile ambacho wangekiona bure.

Walikuwa wanakuja, wameacha ghafla

Tazama kalenda. Kama mvua za kwanza zimenyesha, hakuna tatizo. Maji yapo kila dimbwi, kumbikumbi wanaruka, majani yanaota. Watarudi Mei.

Kama ni kiangazi na uwanja umenyamaza, sikiliza na utazame tetere. Tetere akiwa amegandamana kwenye tawi, shingo imenyooka, hasogei hata ukimkaribia, basi kipanga yupo jirani. Mwache. Naye ni ndege wa uwanja wako, na kwa kawaida anahama baada ya siku chache. Paka ni shauri jingine: yeye hahami. Safisha chini ya mkole na vichaka asipate pa kujificha, inua chombo kwenye kigogo cha mita moja na nusu.

Sababu mbaya zaidi ni ugonjwa. Ukimwona njiwa amevimba manyoya, hamezi, mate yanamtoka mdomoni, au ukiokota ndege wawili watatu waliokufa bila jeraha, ondoa maji na nafaka siku hiyohiyo. Osha vyombo kwa maji yenye dawa ya kungʼarishia nguo nyeupe (bleach), vikauke juani, na usirudishe kitu kwa wiki mbili au tatu. Ndege wakitawanyika hawaambukizani. Inauma kuona uwanja mtupu, lakini kuwakusanya kwenye chombo kimoja chenye ugonjwa ni kuwaua.

Nafaka yote inaliwa na njiwa, au limeshuka kundi la kwelea

Punguza. Kiganja kimoja cha uwele asubuhi, basi. Kuanzia Februari hadi watu wavune, mimi simwagi nafaka kabisa. Jirani zetu wa Hombolo na Bahi wanakesha mashambani na watoto wao wakiwafukuza kwelea kwenye uwele na mtama, na si haki mtu wa mjini awafundishe kwelea kwamba binadamu ndiye anayewapa chakula. Maji pekee yanatosha miezi hiyo.

Ndege anagonga dirisha

Kuna dalili mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza: kishindo kimoja kikubwa, ndege yupo chini. Huyo aliona mbingu na mti kwenye kioo akadhani ni njia. Nyumba nyingi mpya za Dodoma zina madirisha ya alumini yenye vioo vya kiza, na vioo hivyo kwa nje ni kama maji yaliyotulia. Dawa ni kukivunja kivuli hicho kwa nje, si kwa ndani: mistari ya sabuni ya kipande au chokaa, au kamba nyembamba zilizoningʼinizwa, nafasi ya sentimita 5 kati ya moja na nyingine. Stika moja ya tai katikati ya kioo haisaidii, ndege anapita pembeni yake. Aliyeanguka muweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, mahali patulivu. Usimnyweshe maji. Baada ya saa moja hivi lifungue nje. Wengi wanaruka.

Dalili ya pili: ndege mmoja anadonoa kioo kilekile au kioo cha pembeni cha gari, siku baada ya siku, hasa msimu wa kutaga. Huyu hajapotea. Anapigana na dume mwenzake ambaye ni yeye mwenyewe. Funika kioo cha gari kwa soksi kuukuu kwa wiki mbili.

Picha haiko wazi

Hapa ndipo watu wanapouza kamera nzuri kwa hasira. Kabla ya kuuza, ikuze picha kwenye skrini na utafute kitu kimoja: kuna chochote kilicho wazi?

Kama tawi la nyuma liko wazi na ndege hana ukali, fokasi ilishika tawi. Acha kuruhusu kamera ichague yenyewe, weka nukta moja ya fokasi na uilenge jicho. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie juu ya tawi ambalo unajua atatua, fokasi ifungwe hapo kabla hajafika.

Kama tawi liko wazi na mwili wa ndege pia, ila kichwa au mabawa yamefutika, ndege alisogea. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ilikuwa ndogo. Kwa mshigi anayerukaruka chini anzia 1/1000 ya sekunde, kwa anayeruka 1/2000 na zaidi. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, bila woga hadi 1600 au hata 3200. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, jicho lililofutika halirudi. Kuna njia nyingine inayohitaji kutazama tu. Ndege wengi wakichota maji huinua kichwa ili yateremke kooni, na hapo kichwa kinatulia kwa sekunde moja. Bonyeza wakati huo. Njiwa na tetere ni tofauti, wao wanafyonza bila kuinua kichwa, kwa hiyo wasubiri wamalize.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, tawi, jiwe na ndege pamoja, ni mikono yako. Egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchanga au mchele juu ya dirisha. Kanuni ya zamani bado inafanya kazi: lenzi ya milimita 300, shata isipungue 1/300.

Na kama hakuna chochote kilicho wazi, picha nzima imekuwa kama inaonekana kupitia maji, na ulipiga saa 5 asubuhi kwenda mbele, hiyo ni hewa. Ardhi yetu ikipata joto inarusha hewa moto juu, na hewa moto inapinda mwanga. Hakuna lenzi inayotibu hili, hata ya mamilioni. Yenye bei kubwa na urefu mkubwa inalionyesha zaidi. Nimemwona mtu akirudisha lenzi dukani mara mbili kwa sababu hii. Dawa ni mbili: piga mapema, tangu jua linapochomoza hadi saa 2 na nusu, au jioni kuanzia saa 11, na punguza umbali. Chombo cha maji kikiwa mita 4 au 5 kutoka dirishani hewa iliyo katikati ni kidogo. Kaa ndani, pazia nyuma yako, usikae mbele ya dirisha lililo wazi pande mbili maana kivuli chako kitaonekana.

Mwenye simu tu asijione amekosa. Kukuza kwa vidole kwenye skrini ni kukata picha, hakuleti ndege karibu. Iegemeze simu kwenye jiwe mita moja kutoka kwenye maji, washa video, ondoka. Ukirudi, kata picha nzuri kutoka kwenye video. Au shika simu nyuma ya jicho moja la darubini. Inataka mazoezi ya siku mbili tatu ya kutuliza mkono.

Chozi ametoka mweusi tititi

Rangi ya kungʼaa ya chozi na ya kwezi haimo kwenye rangi ya unyoya, inatokana na jinsi unyoya ulivyopangwa ndani, unavyorudisha mwanga. Mwanga ukija kutoka nyuma ya ndege, huoni kitu. Jua liwe mgongoni mwako. Na saa za katikati ya mchana hapa hazifai: tupo kama digrii 6 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na ndege anapata kivuli kizito tumboni na usoni.

Ndege aliye juu ya waya na mbingu nyeupe nyuma anahitaji kuongezewa mwanga, +1 hadi +1.7 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera. Kunguru wetu mwenye kifua cheupe anahitaji kupunguziwa kidogo, la sivyo kifua kinaungua.

Doa lilelile kila picha

Vumbi la Juni hadi Septemba. Piga picha ya mbingu tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Doa likibaki mahali palepale kwenye kila picha, lipo kwenye kihisio cha kamera, kile kinachopokea mwanga. Tumia kipulizio cha mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo wako, mate yanabaki. Lenzi ibadilishwe chumbani, si uani.

Ndege wote ni kahawia, siwatambui

Hili linawakatisha tamaa wengi wanaoanza Julai, na kosa si lao. Madume ya mnana, fumbwe na kwelea yanavua rangi mvua zikiisha. Fumbwe aliyekuwa na mkia mrefu kuliko mwili wake Februari, Agosti anafanana na shomoro jike. Kwa hiyo acha rangi, tazama mdomo. Kwelea ana mdomo mwekundu mnene. Mdomo wa jike unageuka njano wakati wa kutaga, halafu unarudi kuwa mwekundu. Mnana ana mdomo mrefu uliochongoka kuliko wa shomoro.

Kuna jozi nyingine zinazochanganya hata mwenye picha nzuri. Kwezi wa tumbo la rangi ya kutu: jicho jeupe na mstari mweupe kifuani ni mmoja, jicho jekundu bila mstari ni mwingine. Washigi wa buluu: dume mwenye doa jekundu shavuni na utosi wa kahawia ni mmoja, dume mwenye kichwa chote cha buluu ni mwingine. Wote wanaweza kunywa kwenye chombo kimoja, kwa hiyo piga picha ya uso kwa upande, si ya mgongo tu. Merlin, programu ya kutambua ndege ya Cornell Lab ya Marekani, ni ya bure na inasaidia sana kwa picha, ila majike ya kahawia inayakosea, usiipe neno la mwisho. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Andika tarehe, saa na alichokuwa anafanya.

Mlinzi au jirani amekuja kuuliza unapiga picha gani

Huu ni mji wa makao makuu ya serikali, lenzi ndefu juu ya ukuta haipendezi. Elekeza kamera chini, kwenye maji yako, na waambie majirani na mjumbe mapema. Nilipowaonyesha picha za cherero, watoto wa mtaa walianza kuja kunipigia hodi wakimwona ndege mpya.

Nimeona kiota, nisogee?

Usisogee. Usikate matawi yanayoziba, usiite wenzako. Mzazi akiogopa anaacha mayai kwenye jua, na jua la hapa halihitaji muda mrefu. Kwa lenzi ndefu, kutoka dirishani, dakika chache, inatosha.

Ukikuta kinda chini, tazama manyoya. Asiye na manyoya mrudishe kiotoni kwa mkono wako. Ule msemo kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mtu si kweli. Aliyeota manyoya na mkia mfupi hajapotea, anajifunza kuruka. Msogeze tu chini ya kichaka, mfungie paka ndani, kisha nawe uingie ndani utazame kwa dirishani. Mara nyingi mama yake yupo juu ya bati, mdudu mdomoni, anasubiri uondoke.